Asiyekuwepo na lake halipo: mashabiki wa Uskoti na kura ambayo hawakupewa

Nimeadimika kidogo hapa, ila wiki za majaribio mnazijua zilivyo. Leo naleta mpira, lakini siyo ule wa kubishana nani mkali kuliko nani. Naleta historia. Swali langu ni moja tu: ligi inapotaka kupanguliwa, timu ziongezwe au zipunguzwe, huyu ashushwe na yule abebwe, nani anaulizwa? Yule anayekata tiketi kila wiki, mvua inyeshe jua liwake, ana kiti gani kwenye kikao?

Nimechagua kuwapeleka Uskoti, kwao Sir Alex Ferguson. Najua wengi wenu ligi ya kule mliifuatilia kipindi kimoja tu, Victor Wanyama wa Kenya alipokuwa Celtic kuanzia 2011 mpaka 2013. Mtakumbuka Novemba 2012 alivyoruka kichwa na kuwafunga Barcelona, Celtic wakashinda 2-1. Basi kumbe msimu uleule Wanyama anatupa raha, nchi nzima ya Uskoti ilikuwa imetoka kwenye ugomvi mkubwa wa nani ana haki ya kuamua ligi iweje. Na walioushinda ugomvi ule ni watu ambao hawakuwa na kura hata moja. Hapo ndipo pananivutia.

Tuanze nyuma kidogo. Ligi ya Uskoti ilianza 1890. Ilikuwa chama cha klabu, na mwenye sauti ni klabu. Shabiki alikuwa mteja, basi. Mwaka 1992 jirani zao wa England, klabu kubwa zilijitoa kwenye ligi ya zamani zikaunda Premier League ili wasigawane hela za televisheni na wadogo. Waskoti wakaona, wakaiga. Mwaka 1998 klabu kumi za juu zikajitenga na kuunda ligi yao, baadaye zikawa 12. Klabu 30 zilizobaki zikaendelea na chama cha zamani, zikiwa zimegawanywa katika Daraja la Kwanza, la Pili na la Tatu. Kwa hiyo ukisikia Daraja la Tatu la wakati ule, jua ni ngazi ya nne, chini kabisa.

Sasa sikilizeni ujanja. Katika ligi ile ya juu, maamuzi mazito yalihitaji kura 11 kati ya 12. Maana yake ni kwamba klabu mbili tu zikikataa, jambo limekufa. Na klabu mbili zenye maslahi yanayofanana zilikuwa zipi? Celtic na Rangers, wale watani wa jadi wa Glasgow. Uwanjani hawapikiki chungu kimoja, lakini kwenye hela walikuwa wanaelewana vizuri sana. Timu kumi zilizobaki zingeweza kulalamika mpaka koo likauke.

Halafu Rangers wakafulia. Hii tuieleze taratibu, maana ndiyo shina la yote. Mei 2011 mfanyabiashara Craig Whyte aliinunua Rangers kwa paundi moja. Ndiyo, moja. Ila alitakiwa alipe deni la benki la takriban paundi milioni 18. Hela akaipata wapi? Aliuza mapema mapato ya tiketi za msimu za miaka iliyokuwa inakuja, kwa kampuni moja, kwa zaidi ya paundi milioni 20. Yaani hela ya shabiki ambaye hajaitoa bado ndiyo iliyolipa deni la benki. (Baadaye alishtakiwa kwa udanganyifu, na Juni 2017 mahakama ikamwona hana hatia. Tuliseme hilo, haki itendeke.) Tarehe 14 Februari 2012 klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi na kunyang'anywa pointi 10. Juni mwaka uleule mamlaka ya kodi ya Uingereza ikakataa mpango wa kulipwa sehemu tu ya deni lake. Kampuni ya zamani ikawa kwa heri, mali zake zikauzwa kwa kundi la Charles Green kwa paundi milioni 5.5, kikaundwa chombo kipya chenye jezi ileile na uwanja uleule wa Ibrox.

Swali likaja: hiki chombo kipya kiingie wapi? Kichukue nafasi ya Rangers ligi ya juu kama vile hakuna kilichotokea, au kianze chini kama klabu yoyote mpya?

Wakuu wa mpira walijua wanataka jibu gani. Rangers ni mamilioni ya televisheni. Bila mechi za Celtic na Rangers, mkataba wa televisheni ungepungua thamani, wadhamini wangekimbia, timu ndogo zingekufa. Mtendaji mkuu wa chama cha soka alionya hadharani kwamba mpira wa nchi unaweza kufa kifo cha pole pole, na akaenda mbali mpaka kutaja vurugu za kijamii. Ukisoma magazeti ya wiki zile utadhani kuna vita inakuja.

Mashabiki wa timu nyingine wakasema hapana. Siyo kwa maandamano makubwa, siyo kwa kuchoma kitu. Walisema jambo moja rahisi: mkiwarudisha hawa ligi ya juu, tiketi ya msimu hatununui. Wakati wenyewe ulikuwa Juni na Julai, pale ambapo klabu inategemea hela ya tiketi za msimu ili ilipe mishahara mpaka ligi ianze. Barua na simu zikamiminika kwa wenyeviti. Klabu zikaanza kutangaza msimamo moja baada ya nyingine hata kabla ya kikao: Hearts, Dundee United, Hibernian, Aberdeen, Inverness, St Johnstone...

Tarehe 4 Julai 2012 wakapiga kura. Waliokataa 10. Kilmarnock hawakuegemea upande wowote. Aliyekubali ni mmoja, Rangers mwenyewe! Wenyeviti walewale ambao kwa miaka 14 walikuwa wanafanya hesabu za televisheni, safari hii walifanya hesabu ya mlangoni.

Hapo wakubwa wakabadili mbinu. Basi wawekwe Daraja la Kwanza, ili wapande baada ya mwaka mmoja tu. Klabu ndogo 30 zikawekewa shinikizo: mkikataa, hela za kwenu zinakauka, na labda sisi wa juu tutaunda daraja letu la pili tuwaache. Mwenyekiti wa Raith Rovers, Turnbull Hutton, alisimama nje ya uwanja wa Hampden akawaambia waandishi waziwazi kwamba wanatishwa na kuburuzwa. Mzee yule aligeuka shujaa wa mashabiki hata wa timu nyingine. Tarehe 13 Julai klabu 30 zikakutana. Klabu 25 zikaamua: Rangers waanzie Daraja la Tatu.

Fikirieni wadau. Klabu iliyoanzishwa 1872, yenye ubingwa 54, inaanza msimu kwa Peterhead, mji wa wavuvi. Tarehe 11 Agosti 2012, sare ya 2-2. Wiki moja baadaye wakacheza nyumbani na East Stirlingshire, na Ibrox wakaingia watu 49,118. Ngazi ya nne hiyo! Msimu mzima wastani wao ulipita watu 45,000 kwa mechi. Kwa hiyo tusiwasahau na wao. Mashabiki wa Rangers hawakuwa na hatia ya kodi ya mtu, na wao ndio waliolipa zaidi, kwa hela na kwa aibu, na hawakuikimbia timu yao. Nao walikuwa mashabiki, nao hawakuulizwa wakati klabu inauzwa kwa paundi moja.

Na tusidanganyane, kelele za mwaka ule hazikuwa haki tupu. Shabiki wa Aberdeen aliyekuwa anaandika barua kuhusu usafi wa michezo, moyoni alikuwa anacheka mpaka jino la mwisho. Kisasi kilikuwemo. Lakini hata hivyo hoja yao ilisimama: kanuni inayomhusu mdogo imhusu na mkubwa.

Je, mpira ulikufa? Haukufa. Ni kweli Celtic walibeba ligi mfululizo, misimu tisa kuanzia 2012 mpaka 2020, na utamu wa mbio za ubingwa ulipotea. Hilo wakuu walilibashiri vizuri. Lakini tazama makombe. St Mirren walichukua Kombe la Ligi 2013. Aberdeen 2014. St Johnstone walichukua Kombe la Uskoti 2014, la kwanza katika historia yao. Inverness nao la kwanza kwao 2015. Ross County Kombe la Ligi 2016. Hibernian mwaka huohuo wakachukua Kombe la Uskoti baada ya kulisubiri miaka 114. Kuna babu na bibi walizaliwa wakafa bila kuliona. Rangers wenyewe walipanda ngazi kwa ngazi, wakarudi juu msimu wa 2016/17, na 2020/21 wakawa mabingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi.

Ningeishia hapa mngesema safi, mashabiki wameshinda, hadithi imeisha. Ila somo lenyewe ndiyo kwanza linaanza.

Baada ya lile tukio kila mtu alikubali kwamba ligi inahitaji kufumuliwa. Mashabiki wengi wa kule walikuwa na kilio cha siku nyingi: ligi ya timu 12 inakukutanisha na mpinzani yuleyule mara tatu, mara nne kwa msimu. Inachosha. Walitaka ligi kubwa zaidi. Wakuu wakaja na mpango wao: madaraja mawili ya timu 12 na moja la 18, halafu baada ya mechi 22 yale mawili ya juu yagawanywe upya katika makundi matatu ya timu nane nane. Umeelewa? Hata mimi ilibidi nichore kwenye karatasi. Aprili 2013 wakapiga kura. St Mirren na Ross County wakakataa, na kwa kuwa kanuni ilikuwa 11 kwa 1, mpango ukafa. Ule mtego uliokuwa unawalinda vigogo wa Glasgow sasa ulitumiwa na timu mbili ndogo.

Juni 2013 wakafikia muafaka: vyama viwili viungane viwe kimoja, klabu 42, kwa mpangilio wa 12-10-10-10. Yaani ukihesabu ni uleule wa mwanzo! Kilichoongezeka ni mechi za mchujo kati ya ligi ya juu na ya pili, na mgawanyo wa hela wenye nafuu kidogo kwa wanaofuata chini. Siyo vibaya. Lakini ile ligi kubwa waliyoitaka watu wa jukwaani haikuja. Kwa nini? Kwa sababu safari hii hakukuwa na tishio la tiketi. Huwezi kususia tiketi kila mwaka kwa kila ajenda. Shabiki anaipenda timu yake, na viongozi wanajua anaipenda. Silaha ya kususa unaitoa mara moja katika maisha, ukiitoa mara ya pili wanakuona unatania.

Kipimo cha kweli kilikuja 2020. Korona ikasimamisha ligi Machi. Viwanja vimefungwa, watu wamejifungia majumbani. Klabu zikaulizwa kama madaraja ya chini yafungwe hapohapo yalipofikia, na milango ifunguliwe kufanya hivyohivyo kwa ligi ya juu. Kura ikabaki inamsubiri mmoja, Dundee, ambaye kura yake ya kwanza ya kukataa haikufika, na siku chache baadaye akapiga ya kukubali. Ikapita. Hearts wakashushwa wakiwa pointi nne nyuma na mechi nane mkononi. Partick Thistle wakashushwa wakiwa pointi mbili nyuma, na wana mechi moja zaidi ya kucheza kuliko aliye juu yao. Likaletwa wazo la kupanua ligi ya juu iwe na timu 14 ili asiumie mtu. Klabu nyingi zikalikataa Juni. Hearts na Partick wakaenda kwenye sheria, wakashindwa.

Sitaki kusema uamuzi ule ulikuwa mbaya au mzuri, kwenye janga kila njia ina kilio. Ninachosema ni hiki: shabiki wa Partick, aliyesafiri na timu yake miaka na miaka, hakuwa na pa kusemea. Klabu 42, kura 42, na yeye hayumo. Asiyekuwepo na lake halipo. Miaka nane tu baada ya ushindi wa 2012, sauti ya shabiki ilikuwa imerudi palepale, kwa sababu haikuwahi kuandikwa popote. Ilikopeshwa na dharura, dharura ilipoisha ikarudishwa.

Sasa linganisheni na Ujerumani. Kule 1998, mwaka uleule ambao Waskoti walikuwa wanajitenga kwa ajili ya hela, waliandika kanuni: klabu ikigeuzwa kampuni, wanachama lazima wabaki na nusu ya kura na moja juu. Zipo chache zilizopewa ruhusa maalumu, kama Leverkusen na Wolfsburg, ila kanuni ipo. Aprili 2021 klabu 12 za England, Hispania na Italia zilipotangaza Super League, Bayern na Dortmund hawakuwemo. Kule England ilibidi mashabiki wa Chelsea wazuie basi la timu yao barabarani, na klabu sita za England zikajitoa ndani ya siku mbili. Huo ulikuwa tena ushindi wa dharura, kama ule wa Uskoti 2012.

Lakini hata kanuni ya Wajerumani inataka kulindwa. Desemba 2023 klabu 36 za madaraja mawili ya juu zilipiga kura ya kumwingiza mwekezaji kwenye mapato ya matangazo ya ligi. Zilihitajika kura 24, zikapatikana 24 kamili. Ikaonekana mwakilishi wa Hannover, ambaye klabu yake ilimwagiza akatae, aligoma kusema alipigaje, na kura ilikuwa ya siri. Mashabiki wakaanza kutupa mipira ya tenisi uwanjani wiki hadi wiki, mechi zinasimama, wachezaji wanaokota. Februari 2024 ligi ikaachana na mpango. Tofauti yao na Waskoti ni kwamba hawa walikuwa na kitu cha kushika: uanachama, maagizo yaliyoandikwa, mtu wa kumuuliza "tulikutuma nini?"

Na Uskoti wenyewe wameanza kulielewa. Hearts walipofilisika 2013, mashabiki walianza kuchanga kila mwezi, kidogo kidogo, na Agosti 2021 wakawa wamiliki wa asilimia 75.1 ya klabu. Motherwell iliingia mikononi mwa mashabiki 2016, St Mirren 2021. Hawa sasa hawasubiri Julai ya tiketi. Kura ya klabu kwenye kikao ni kura yao. England nao, baada ya aibu ya Super League, walitunga sheria Julai 2025, ikaunda msimamizi huru wa soka na kuzilazimisha klabu kuwasikiliza mashabiki katika baadhi ya mambo.

Tuje nyumbani kidogo, maana najua mnanisubiri hapo. Sisi tuna kitu ambacho Waskoti wamekihangaikia. Simba na Yanga ni klabu za wanachama tangu miaka ya 1930, na Simba walipokubali mfumo wa mwekezaji Desemba 2017, sharti lilikuwa wanachama wabaki na asilimia 51. Hiyo ni karibu sawa na ya Wajerumani! Lakini Ligi Kuu yetu ilipopelekwa timu 20 msimu wa 2018/19, ikashushwa 18 msimu wa 2020/21, halafu ikarudi 16 msimu wa 2021/22, wangapi kati yetu tuliwahi kumuuliza kiongozi wa klabu yetu amekwenda kusema nini kwa niaba yetu? Tulisikia redioni, tukabishana kijiweni, tukalala. Asilimia 51 ambayo haiulizi ni karatasi tu.

Waskoti walitufundisha mambo mawili. La kwanza, wakubwa wakisema mpira utakufa bila wao, usikimbilie kuamini. La pili, ukishinda kwa kelele, kesho yake asubuhi kaandike kanuni kabla hujaenda kusherehekea. Wao walisherehekea kwanza.

Ni hayo tu wadau. Wa Simba, wa Yanga na wale wa Coastal ambao huwa mnanuna mkisahauliwa, uwanja ni wenu, mwageni maoni. Mimi narudi kwenye makabrasha, mtihani haunisubiri. Alamsiki.